Gunia, Mtoto Aliyeitwa Mkubwa

Wajukuu zangu, wiki iliyopita nusura nigongwe na pikipiki hapa Masasi mjini, kwa sababu macho yangu yaliona kitu na akili ikakataa kukipokea. Kijana mmoja alikuwa anaelekea barabara ya Newala, jua la saa saba linawaka, lami inafuka joto, na nyuma ya pikipiki amefunga mbwa kwa kamba. Mbwa mwenyewe kichwa kama sufuria la ugali, nyayo nene, ulimi unaning'inia, anakimbia. Niliingia barabarani bila kuangalia kushoto wala kulia, nimenyoosha mikono, napiga kelele kama mtu aliyeibiwa kuku. Kijana akafunga breki mpaka tairi likalia.

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Huyu mbwa ana umri gani?"

"Ana miezi saba. Nampa mazoezi awe na nguvu. Si unamuona, Bibi, ameshakuwa mkubwa."

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro. Nikamwita yule mbwa, akaja akijikokota, nikamshika nyonga. Zilikuwa zinatetemeka. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa mwema. Anampenda mbwa wake, amemnunulia mkanda mzuri wa shingoni, amemwagiza kutoka Dar es Salaam kwa pesa zake mwenyewe. Nilipomwambia anamlemaza, alibaki ananitazama kama nimemtukania mama.

Nimeona niandike, maana siwezi kumrukia kila mwenye pikipiki. Umri wangu hauruhusu. Nilifanya kazi ya kutunza na kufunza mbwa wakubwa tangu Mreno akiwa bado anatawala Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, mpaka nilipostaafu, na katika kazi hiyo nimeshtuka mara nyingi kuliko mtu anavyotakiwa kushtuka. Nitawahadithia jinsi ninavyokumbuka. Nikiruka huku na huko, nivumilieni.

Kwanza mjue kwamba sikuomba kazi hii. Nilikuwa binti wa Kimakua, nikaajiriwa kupika uji wa wagonjwa kwenye hospitali ya misheni. Palikuwa na muuguzi wa kizungu, sisi tulimwita Sista Mrefu kwa kuwa kila mlango ulimlazimu kuinama. Ghala la dawa lilikuwa linavunjwa mara kwa mara, Sista akachoka, akaagiza mbwa wawili kutoka kwao, dume na jike. Siku waliposhushwa kutoka kwenye lori, wagonjwa ambao jana yake walikuwa hawawezi kutembea, walitembea. Mimi nilipanda juu ya meza ya jikoni na uji wote ukaungua. Nilikuwa nimezoea mbwa wetu wa kuwindia, wale wembamba wenye mikia ya kujikunja. Sikujua kama Mungu ameumba mbwa wa kufika kifuani mwa mtu.

Sista akaniambia wao pia nitawapikia. Nyumbani ikawa kesi. Jirani yetu Bi Somoe, Muislamu safi aliyenilea kama mwanawe, hakutaka mate ya mbwa yaguse chombo chake wala mkeka wake. Lakini hakunitenga. Alining'inizia kanga ya kubadilisha uani, akaniwekea ndoo yangu ya kuogea, na nikishatakata ananikalisha jikoni kwake. "Haya, nihadithie. Leo wale ndama wako wamefanya nini?" Kila nikimwambia, anashika mdomo.

Jike lilipozaa, mimi ndiye niliyewalisha watoto. Na kwetu mtoto akinenepa, sifa ni za mpishi. Nikawajaza ugali, mafuta, supu ya mifupa, dagaa, chochote nilichopata. Wakavimba, wakang'aa. Nikamwita Sista aje anipongeze. Sista akaja, akawatazama wanavyotembea, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe naua yeye!" Kiswahili chake kilikuwa hivyo hivyo mpaka alipoondoka.

Nilitaka kulia. Akanivuta mkono mpaka nyuma ya jiko, palipoota mche wa mpapai, mwembamba na mrefu. Akatundika kikapu juu yake, akatia jiwe moja, la pili, la tatu. Mche ukapinda. Akakitoa kikapu, mche ukabaki vile vile umepinda. Kisha akarudi wodini. Mpapai ule ulikua, ukazaa, lakini ulizaa ukiwa umeinama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mbwa wa mbegu kubwa anakua haraka mno, mwili unakimbilia mbele, na huku ncha za mifupa yake na viungo vyake bado ni laini. Uzito ukizidi, au kazi ikizidi, viungo vinaharibika, na vikiharibika vinakaa hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo mtoto wa mbwa mkubwa asiwe mnene. Mpitishie kiganja ubavuni: uzihisi mbavu bila kuzitafuta, ila usizihesabu kwa macho. Ukishindwa kuzihisi, punguza chakula, hata kama anakutazama kwa macho ya kuomba. Nami niliangaliwa hivyo miaka mingi, nikavumilia.

Sasa niwapeleke Newala, maana huko ndiko nilikoshtuka mshtuko ambao mpaka leo ukinijia usingizini naamka nimekaa.

Palikuwa na mtu akiitwa Athumani Mchopa, tukimwita Baba Zuhura. Alikuwa analima mpunga bondeni, karibu na Ruvuma. Wakati wa ile vita ya Msumbiji, ndege ya Mreno iliangusha bomu upande wetu wa mto, jirani na shamba lake. Alitoka mzima mikono na miguu, lakini hakusikia tena. Hasikii radi, hasikii mtoto akilia. Akapanda juu na familia yake, wakahamia kijiji cha Ujamaa upande wa Makote, kwenye mikorosho.

Alijaribu kazi ya shamba la pamoja. Siku moja watu wanakata mti, wakapiga yowe kila mtu akimbie, yeye akaendelea kulima. Tawi likampiga mgongoni. Tangu siku hiyo jembe likamshinda. Kijiji kikampa ulinzi wa ghala la korosho, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya amekaa. Lakini mwenyekiti wa kijiji hakuridhika. Akasema mlinzi asiyesikia ni pambo. Akampa mpaka msimu wa korosho: kama atakuwa amepata njia ya kusikia, abaki, kama hajapata, kazi apewe mwingine. Na mtu yule, bila ile kazi, asingekuwa na kitu cha kuwalisha wanawe.

Akaja Masasi na mkewe kutafuta dawa ya masikio. Sista akamchunguza, akatikisa kichwa. Kisha akasimama, akaenda uani, akarudi amebeba mtoto wa mbwa. Dume, mweusi, nyayo kubwa, kichwa kizito. Alikuwa amezoea kulala kwenye gunia kuukuu la korosho na alikuwa halali popote pengine, kwa hiyo tulimwita Gunia.

Wazo la Sista lilikuwa hili: mbwa wa kawaida anabweka, na Mchopa hatamsikia. Lakini mbwa mkubwa akifundishwa kuja kumsukuma bwana wake kwa pua kila anaposikia kitu, Mchopa atahisi. Mbwa atasikia, mtu atajua. Mchopa alikuwa anasoma midomo. Alipoelewa, alimkumbatia yule mbwa kifuani, yeye Muislamu wa kusali, mbele ya mkewe. Mkewe akageuza uso.

"Mpaka yeye nakuwa mkubwa," Sista akamwambia mkewe, "hapana kimbia mbali, hapana ruka, hapana beba kitu. Fundisha kidogo kidogo tu."

Mama Zuhura alilirudia lile agizo neno kwa neno. Nilikuwepo, nilimsikia, na hakukosea hata neno moja.

Miezi ikapita. Gari la hospitali likawa linapanda Newala kupeleka chanjo, nikaomba nafasi nikamwone Gunia. Nilifika kijijini asubuhi, nikamkuta mwenyekiti amesimama mlangoni kwa ghala, anachekelea.

"Karibu, Ndugu. Umekuja wakati mzuri. Njoo nikuonyeshe maendeleo."

Mnaoijua Newala mnajua shida yetu ya maji enzi zile. Uwanda uko juu, maji yako chini, na katikati kuna ukingo wa mlima wa kuteremka kwa visigino na kupanda kwa magoti. Wanawake waliuteremka kila siku. Mwenyekiti akanipeleka mpaka kwenye ukingo ule, akanyoosha kidole. Chini kabisa niliona mstari wa wanawake wanapanda na ndoo vichwani, wanaimba. Na katikati ya mstari, kitu cheusi.

Mwanzoni nilidhani ni mbuzi. Wakazidi kukaribia. Jamani! Alikuwa Gunia. Wamemtandika kitambaa mgongoni, na juu ya kitambaa wamempachika makopo mawili makubwa ya samli, moja kila ubavu, kama mtu aliyebeba mzega. Makopo yamejaa maji. Anapanda. Na miguu ya nyuma haiendi mmoja mmoja, inaruka yote miwili kwa pamoja kama sungura.

Nilipiga ukelele, mwenyekiti akaruka. Sikumbuki niliteremkaje. Najua tu kwamba viatu vilibaki juu, na nilipofika kwa Gunia nilikata kamba za makopo kwa meno. Maji yalimwagika yote. Wanawake wakapigwa na butwaa, maana mtu wa kukumwagia maji Newala enzi zile, afadhali angekuibia kuku.

"Mama Beata, una wazimu?" Mama Zuhura akaniambia. "Yale maji ya kunywa!"

"Nani amewaambia mumbebeshe huyu?"

"Nkutano umeamua. Anakula unga wa kijiji, basi na yeye afanye kazi kama watu wote."

"Sista alisema asibebe kitu!"

"Alisema mpaka awe nkubwa." Akasimama karibu na Gunia, akanionyesha. "Haya, tazama. Ananifika kiunoni. Huyu si nkubwa?"

Kweli, Gunia alikuwa mkubwa. Kiswahili chetu kinamwita mkubwa mtu mwenye mwili, na kinamwita mkubwa mtu aliyekomaa, na Sista alikuwa amechagua neno hilo hilo moja. Wale wanawake hawakuwa wakatili. Kile kitambaa mgongoni kwa Gunia walikishona wenyewe na kukijaza sufi, makopo yasimchubue. Walipokuwa wanapumzika njiani walimnywesha kwanza yeye. Walifuata agizo sawasawa, na mtoto alikuwa anavunjika nyonga mbele yao wakiimba.

Gunia alikuwa amelala chini, anajaribu kusimama, miguu ya nyuma inakataa. Nikakaa kwenye mavumbi nikampakata kichwa. Ndipo likanijia jambo.

"Mama Zuhura, msichana akiwa mrefu kumpita mama yake, ila hajachezwa unyago, mnamwita nani?"

"Ntoto."

"Hata akiwa na mwili?"

"Mwili wa nini? Kama hajachezwa, ntoto tu."

"Na mvulana ambaye hajaingia jandoni, mnaweza kumbebesha mzigo wa wazee?"

"Haiwezekani."

"Basi huyu," nikasema, "hajaingia jandoni. Bado sana."

Kwanza walicheka. Mbwa na jando wapi na wapi! Kisha kicheko kikakatika, mmoja baada ya mwingine. Mama Zuhura akatazama yale makopo, akatazama miguu ya Gunia, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," akasema polepole. "Tumembebesha ntoto." Wakamfunga kwenye kanga mbili, wakambeba wao juu mpaka kijijini. Wanawake wanne, ndoo wameziacha njiani, na kazi ya kupanda wakaianza upya jioni.

Mwenyekiti alikasirika nilipofananisha mbwa na watu wa jandoni, alisema ni utovu wa adabu. Nikamwambia anisamehe adabu, lakini mbwa huyu apumzishwe, la sivyo hatasimama tena. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia sijui, na huenda nyonga zisirudi kabisa. Akatazama mikorosho, ambayo ilikuwa imeanza kutoa maua. "Msimu haungoji mbwa," akasema, akaondoka. Mchopa alikuwa amesimama pembeni akitusoma midomo. Alijua kila kilichosemwa.

Nilituma ujumbe kwa Sista kwamba sirudi, nikahamia kwa Mama Zuhura. Na sasa vijana tegeni masikio, maana haya mtayahitaji.

Mtoto wa mbwa aliyeumia hivi humfungi ndani moja kwa moja, maana nyama za miguu zinalegea na ndizo zinazoshikilia viungo. Humkimbizi pia. Tulimtembeza kidogo asubuhi kabla jua halijapanda, kwenye mchanga laini chini ya mikorosho, tukarudi kabla hajachoka. Mbwa mdogo hasemi amechoka. Anakupenda, atakufuata mpaka aanguke. Mtazame: akianza kubaki nyuma, akikaa chini mwenyewe, akiruka kwa miguu miwili ya nyuma, akichelewa kuinuka alipolala, mazoezi yamekwisha siku hiyo, hata kama ndiyo kwanza mmetoka mlangoni. Akitaka kucheza peke yake na kijiti, mwache. Mchezo wake anaupima mwenyewe. Kukimbia kwa kamba unampimia wewe, na wewe huna nyonga zake.

Kuruka nilikataza kabisa. Asiruke ukuta, asirukie watu, asishuke mwenyewe kutoka mahali pa juu, abebwe. Mchopa alikuwa na tabia ya kujipiga kifua mbwa amrukie, wanacheka wote wawili. Nilimfokea mpaka nikasahau kwamba hasikii. Jioni Mama Zuhura alimkanda Gunia nyonga kwa kitambaa cha maji ya moto yenye chumvi. Yule aliyegeuza uso Masasi! Akimaliza anaoga, anasali, kesho anarudia. Siku moja nilimkuta anamwimbia.

Na mafunzo hayakungoja miguu ipone. Hili vijana wengi hawalijui: akili ya mtoto wa mbwa iko tayari mapema, hata kama mifupa haiko tayari. Anaweza kujifunza amelala. Enzi zile wengi walifunza kwa fimbo, na mimi nilianza hivyo hivyo nilipokuwa mgeni wa kazi, mpaka Sista alipoivunja fimbo yangu akaitia jikoni. Tulitumia vipande vya samaki mkavu. Mimi nagonga sufuria nyuma ya nyumba. Gunia akiinua masikio, Mchopa, ambaye hajui kama pamegongwa, anakaa tu na samaki mkononi. Pua ya Gunia ikimgusa paja, anapata samaki. Basi. Somo fupi, mara chache kwa siku, tunaacha angali anataka zaidi. Kisha tukaongeza: hatua za mtu, kufuli linalotikiswa, gunia linaloburutwa. Hatukumzuia kubweka, na mimi nilimzoesha kubweka nikimwambia, ila akisikia kitu hakuna aliyemlipa kwa kubweka, kwa hiyo kazini akawa mbwa wa kimya.

Ukimya huo uliniletea kesi nyingine. Korosho zilianza kuanguka, ghala likaanza kujaa, mwenyekiti akaja kukagua. Akazunguka nyuma ya ghala kwa kunyata. Gunia akasimama, akaenda kwa Mchopa, akamsukuma paja. Mchopa akainuka akazunguka upande wa pili, akamkuta mwenyekiti amechuchumaa nyuma ya magunia.

"Lakini habweki!" mwenyekiti akalalamika, anajipangusa magoti. "Mbwa gani habweki? Kijiji kizima kitajuaje?"

Mchopa alikuwa na sauti kubwa kama viziwi wengi. "Kijiji si nlinzi," akasema. "Nlinzi ni mimi."

Mwenyekiti hakucheka. Alisema mbwa anachechemea, hilo analiona, na mlinzi hasikii, hilo analijua, na lori la kwanza la korosho likija ndipo ataamua. Mama Zuhura alilala hajala.

Kweli Gunia alikuwa anachechemea kidogo. Mguu mmoja wa nyuma haukuwahi kunyooka sawasawa. Lakini alikuwa amekomaa, amejaa kifua, na mimi kwa mara ya kwanza nilianza kumwita mbwa mzima.

Lori likaja kutoka Mtwara. Kijiji chote kilikuwa pale, magunia yanatolewa, mizani inaning'inia, mwenyekiti amevaa shati lake la mikutano. Mchopa alisimama karibu na mlango wa ghala, amegeukia ndani, anaangalia yanayotoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja pamoja na Mama Zuhura, tunapepeta korosho zilizomwagika.

Dereva akataka kusogea karibu na mlango. Akarudi kinyumenyume. Mchopa akapiga hatua mbili nyuma kuwapisha wabebaji, na hatua hizo zikamweka njiani pa lori. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Kila mtu aliyesikia honi alidhani yule aliye nyuma naye amesikia. Dereva pia alidhani hivyo, akaendelea kurudi.

Nilisimama, ungo ukaanguka. Watu wakapiga yowe. Mchopa anatazama magunia. Gunia alikuwa kivulini. Akabweka, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akabweka tena, na Mchopa hakugeuka. Nikamwona yule mbwa anakimbia. Hakumsukuma paja kama tulivyomfunza. Aliinuka wima kwa miguu ya nyuma, akamwekea miguu miwili ya mbele kifuani na uzito wake wote, wakaanguka pamoja ndani ya mlango wa ghala. Kigoda cha Mchopa kilikuwa pale aliposimama. Kilipasuka chini ya tairi kama bua.

Dereva alibaki ameshika usukani, mdomo wazi.

Mchopa aliinuka kwa hasira. Alidhani mbwa amemrukia kwa mchezo, mbele ya mwenyekiti, siku ya lori. Akainua juu fimbo yake ya ulinzi. Kisha akaona macho yetu yanatazama wapi. Akageuka. Akaliona tairi, akaviona vipande vya kigoda. Fimbo ikamtoka mkononi, akakaa sakafuni pale pale mlangoni, na Mama Zuhura alikuwa ameshafika, anampapasa kichwa, mabega, magoti, anataja jina la Mungu.

Mwenyekiti akavua kofia. Akamwinamia Mchopa mpaka midomo yao ikakaribiana, akasema polepole ili asomwe vizuri, "Kazi ni yako, Ndugu. Na unga wa mbwa utatoka kijijini."

Sidhani kama Mchopa alimwona. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama Beata, lilipiga honi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na yeye? Alibweka?"

Nikaitikia tena. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta.

Akamtazama Gunia, aliyekuwa amelala ubavu anahema. Walikuwa wameishi pamoja karibu siku zote za mbwa yule, wanakula wakati mmoja, wanalala mlango mmoja. "Sauti yake ikoje?" akaniuliza.

Utamwelezaje mtu sauti? Nikauchukua mkono wake, nikauweka kooni kwa Gunia, kiganja chote, nikamwambia Gunia abweke. Akabweka. Mchopa aliuondoa mkono haraka kama aliyeguswa na moto, akanitazama kwa mshtuko, akawatazama watu wote waliosimama uwanjani, akamtazama mkewe. Kisha akaurudisha mkono pale pale, akaniomba nimwambie abweke tena.